Wema Usioombwa Hulipwa na Nani?

Methali zetu zenyewe hazijaafikiana. Moja inasema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Nyingine inaonya: mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Zimeishi pamoja miaka mingi bila kugombana, na mtu yule yule anaweza kuitumia ya kwanza asubuhi na ya pili jioni, kutegemea siku yake ilivyokwenda.

Ukitaka kuona jinsi watu wanavyogawanyika, chukua jambo dogo kabisa. Mtu yuko kwenye foleni, zamu yake inafika, anaambiwa kwamba aliyemtangulia amekwisha kumlipia na ameondoka. Mmoja atafurahi hadi jioni. Mwingine atajisikia vibaya: kwani amenionaje, nimefanana na mtu asiye na kitu? Wa tatu ataanza kutafuta mtego uko wapi, maana amesikia habari za matapeli. Wa nne hatajali upande wake hata kidogo, ila atauliza kwa nini pesa hiyo haikupelekwa kwa mwenye njaa. Wote wanne wanaweza kuwa watu wema, wanaosaidia ndugu na majirani bila kusukumwa.

Ubishi juu ya mambo kama haya huwa mkali kuliko jambo lenyewe, kwa sababu kila upande hudhani swali ni kama wema ni kitu kizuri. Hakuna anayelikataa hilo. Kinachobishaniwa, mara nyingi bila kutajwa, ni gharama. Tumezoea kuhesabu gharama ya mtoaji tu: muda wake, pesa zake, usumbufu alioupata. Lakini mpokeaji naye hulipa. Hulipa kwa deni la fadhila, kwa kutazamwa na watu, kwa kujiweka mikononi mwa mtu asiyemfahamu. Mtu anayeona gharama hiyo ni ndogo atausifu wema wa ghafla, na anayeiona kubwa atausogelea kwa tahadhari.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa hapa. Kumwinua aliyeanguka au kumvusha barabara kipofu ni kuitikia haja iliyo wazi. Kumlipia mtu asiyeomba, kumpa maua mpita njia, kuacha pesa ndani ya kitabu cha maktaba ili atakayekifungua azikute, ni jambo jingine: hakuna haja iliyoonekana wala ombi lililotolewa. Aina hii ya pili ndiyo iliyopata msukumo wa pekee mwishoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1982 mwandishi wa California aitwaye Anne Herbert aliandika, kwenye kikaratasi cha kuwekea sahani katika mgahawa mmoja wa Sausalito, maneno ya kuwahimiza watu watende wema bila mpangilio na uzuri bila sababu. Maneno hayo yalibandikwa kwenye magari, yakaingia vitabuni, yakaenea. Mwaka 1998 mashirika ya nchi kadhaa yalianza kuadhimisha Novemba 13 kuwa siku ya wema duniani.

Dini na mila zilikuwa zikihimiza wema kwa wageni karne nyingi kabla ya hapo, lakini zilikuwa na kigezo. Walioelekezewa mkono walikuwa msafiri, maskini, mjane, yatima, mgonjwa. Wema wa ghafla umekiondoa kigezo hicho, na kwa wengi hapo ndipo panapoleta shida. Msafiri anapopewa maji anajua kwa nini amepewa. Mtu aliyelipiwa kwenye foleni hajui, na akikosa sababu ataitunga mwenyewe.

Deni ndiyo gharama ya kwanza, na ndiyo iliyochunguzwa zamani zaidi. Mwaka 1925 mwanazuoni Mfaransa Marcel Mauss alichapisha uchunguzi wake juu ya zawadi katika jamii mbalimbali, akaonyesha kwamba zawadi hubeba wajibu tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Anayekataa kupokea amevunja uhusiano, na asiyerudisha ameshuka hadhi. Sasa mtoaji akitoweka kabla hujamwona uso, wajibu wa tatu hauna pa kwenda. Wanaoupenda wema wa aina hii hujibu kwamba deni lipelekwe mbele, kwa mtu mwingine usiyemjua. Ni jibu zuri, ila halimtoshi kila mtu. Wako wanaoona mnyororo huo kama mzigo waliotwishwa bila kuulizwa, hasa wanapokuwa hawana pesa za ziada na nyuma yao kuna watu wanaotazama kama wataukata.

Mwanaanthropolojia Mmarekani Ruth Benedict alieleza mwaka 1946 kwamba Wajapani walisita kuingilia ajali ya mtu wasiyemjua kwa sababu kumsaidia ni kumtwika deni asiloliomba. Benedict hakuwahi kufika Japani. Aliandika akiwa Marekani, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vya jana, na wasomi wengi wamemkosoa kwa kuwatia Wajapani wote katika kapu moja. Hata hivyo hoja yenyewe ina uzito: kujizuia kusaidia kunaweza kutokana na heshima. Tusiisahau tunaposoma takwimu za CAF, shirika la hisani la Uingereza, ambalo kwa miaka mingi lilitumia maswali waliyoulizwa watu wa nchi nyingi, likiwamo hili: je, katika mwezi uliopita umemsaidia mtu usiyemjua aliyehitaji msaada? Mara nyingi Japani ilikuwa mkiani, huku nchi kama Liberia, Sierra Leone na Kenya zikiwa karibu na kilele.

Msomaji mwenye haraka atasema basi Wajapani wana mioyo baridi. Lakini mwaka 2018 polisi wa Tokyo walipokea zaidi ya vitu milioni 4 vilivyookotwa na kuwasilishwa, zikiwamo pochi zenye pesa ndani. Aliyeokota hupeleka kituoni, mwenye mali hufuata kituoni, na kwa kawaida hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Wema uko pale pale, ila umepitishwa njia inayopunguza deni. Na swali la utafiti linategemea anayeulizwa ana wageni wangapi wanaohitaji msaada mbele yake. Palipo na huduma za umma zinazofanya kazi, walioishiwa nauli au waliopotelewa na njia hukutana na ofisi kabla ya kukutana na mpita njia.

Gharama ya pili ni hatari, na hapa hofu huwa na sababu za kweli. Novemba 2006, katika kituo cha basi mjini Nanjing, China, mwanamke mzee alianguka na kuumia. Kijana mmoja alimsaidia, akamfikisha hospitali. Baadaye yule mama alimshtaki akidai ndiye aliyemgonga. Septemba 2007 mahakama ilimwamuru kijana alipe asilimia 40 ya gharama, zaidi ya yuan 45,000. Kilichowashtua watu zaidi ni hoja ya hukumu: kwa uzoefu wa kawaida wa maisha, ilisema, mtu ambaye hakumgonga asingejisumbua kiasi hicho. Yaani wema wenyewe ukawa ushahidi wa hatia! Nchi nzima ililizungumzia jambo hilo, na kwa miaka mingi wazee walioanguka barabarani wakawa wanatazamwa kwa mbali. Oktoba 2011, mjini Foshan, mtoto wa miaka 2 aligongwa na gari, na kamera ilionyesha watu 18 wakimpita kabla mwokota taka mmoja hajasimama kumsogeza. Mtoto alifariki siku chache baadaye.

Kesi ya Nanjing ina kipande ambacho wengi hawakukisikia. Mwaka 2012 ofisa wa mji huo alitangaza kwamba kijana alikuwa amekiri kwamba waligongana kweli. Wakati huo kisa kilikuwa kimekwisha kufanya kazi yake, maana hofu haingoji rufaa. Kuanzia Oktoba 2017 sheria ya China inasema anayejitolea kumwokoa mtu katika dharura hawajibiki kwa madhara yatakayotokea katika uokoaji huo.

Sheria za nchi nyingine zimechukua njia zinazopingana, na kupingana huko kunaonyesha kwamba jambo hili halina jibu la wazi. Ufaransa hulazimisha: ukimwacha mtu aliye hatarini ilhali ungeweza kumsaidia bila kujihatarisha wewe wala wengine, unaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini ya yuro 75,000. Ujerumani nayo ina kosa kama hilo, kifungo chake kikiwa hadi mwaka 1. Nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza kwa kawaida hazimlazimishi mtu kumwokoa asiyemhusu. Zinaona kwamba kulazimisha wema ni kuingilia uhuru. Badala yake majimbo ya Marekani, California ikitangulia mwaka 1959, yalianza kuwakinga waliojitolea, kwanza madaktari, dhidi ya mashtaka. Vermont ni miongoni mwa majimbo machache yaliyoweka wajibu wa kusaidia, na faini yake haizidi dola 100, kiasi ambacho hakimtishi mtu sana. Mimi naegemea upande wa kinga. Sheria inayomtoa hofu mwenye nia njema hufanya kazi kubwa kuliko ile inayomtisha asiye na nia.

Wengi wakisikia kisa kama cha Foshan hukimbilia kusema mji umeua utu. Dai hili lina ukweli, lakini limepewa zaidi ya linachostahili. Mwaka 1964 mwanamke kijana aliuawa mtaani kwao Queens, New York, na gazeti la New York Times likaandika kwamba watu 38 walishuhudia wasifanye kitu. Habari ile ilizaa tawi zima la utafiti. Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané waliwaweka washiriki katika vyumba mbalimbali wakizungumza kwa vipaza sauti, kisha sauti moja ikaanza kulia kama ya mtu aliyeshikwa na kifafa. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla kilio hakijakatika. Waliodhani kuna wasikilizaji wengine wanne, ni asilimia 31 tu. Wajibu uliogawanywa kwa watano ulikuwa umebaki kidogo mno kwa kila mmoja.

Baadaye ilibainika kwamba ile habari ya mashahidi 38 ilitiwa chumvi. Wengi wao walisikia tu vipande vya kelele, na walikuwapo waliochukua hatua. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa picha za kamera za mitaani za ugomvi halisi 219 katika Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika asilimia 91 ya matukio angalau mpita njia mmoja aliingilia kati, na waliokuwapo walivyozidi kuwa wengi ndivyo aliyeshambuliwa alivyokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata msaada. Hali za maabara na za mtaani si sawa: kwenye vyumba vile kila mtu alikuwa peke yake na mashaka yake, lakini mtaani watu huonana, hukonyezana, mmoja akisogea wa pili hufuata.

Ikiwa hivyo, kwa nini miji hutofautiana? Mwanasaikolojia Robert Levine na wenzake walipima jambo hili katika miji mikubwa 23, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Mtafiti aliangusha kalamu bila kujifanya anaona, akadondosha majarida akiwa na mguu uliofungwa, akasimama kwenye kivuko kama kipofu. Rio de Janeiro iliongoza kwa asilimia 93 ya waliosaidia, Kuala Lumpur ikawa ya mwisho kwa asilimia 40, New York haikuwa mbali nayo kwa asilimia 45. Kwa ujumla miji yenye uchumi mkubwa ilisaidia kidogo, lakini Vienna, mji tajiri, ilifika asilimia 81, kwa hiyo utajiri peke yake hauelezi kila kitu. Tena anayepita bila kuiokota kalamu yako pengine hakuiona. Mwanasaikolojia Stanley Milgram alikwisha kusema mwaka 1970 kwamba mkazi wa jiji hupokea mambo mengi mno kwa siku, hulazimika kuyachuja, na wageni ndio huchujwa kwanza.

Nikiulizwa utafiti mmoja tu wa kukumbuka, nitataja ule wa Darley na Daniel Batson wa mwaka 1973 katika chuo cha wanateolojia cha Princeton. Wanafunzi 40 waliambiwa waende jengo la jirani kutoa hotuba fupi, baadhi yao juu ya mfano wenyewe wa Msamaria Mwema, yule wa Injili aliyemhudumia majeruhi baada ya wengine kumpita. Njiani kulikuwa na mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kuguna. Walioambiwa wana muda, asilimia 63 walisimama. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Wapo waliokwenda kuhubiri juu ya Msamaria huku wakimpita majeruhi wao. Inachekesha kidogo, na inamtisha yeyote anayejiamini kwamba tabia yake nzuri inatosha. Kabla ya kumhukumu aliyekupita, uliza alikuwa anawahi wapi.

Nia ya mtoaji ndiyo inayozua maneno makali zaidi siku hizi, kwa sababu ya kamera. Suala lenyewe ni la kale. Injili ya Mathayo inataka mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume. Kurani inaruhusu sadaka ya wazi lakini inasema ya siri ni bora, na inaonya kwamba sadaka huharibika kwa masimbulizi na udhia. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alizipanga sadaka kwa madaraja 8 na akaiweka karibu na kilele ile ambayo mtoaji na mpokeaji hawajuani. Kileleni kabisa aliweka kumwezesha mtu ajitegemee asihitaji tena kupewa. Wote hawa watatu wanamfikiria mpokeaji. Siri inamzuia mtoaji asijivune, na pia inamwondolea aliyepewa aibu.

Kamera ya simu imekigeuza kipimo hicho. Mwaka 2022, katika jengo la maduka mjini Melbourne, mwanamke aliyekuwa ameketi peke yake alikabidhiwa maua na kijana asiyemfahamu, naye alikuwa akirekodiwa. Video ilitazamwa mara makumi ya mamilioni, watu wakilia kwa furaha kwa niaba yake. Yeye mwenyewe aliiambia redio ya ABC ya Australia kwamba amejisikia kuvuliwa utu, kwa kudhaniwa tu kwamba mwanamke wa umri wake aliyeketi peke yake lazima awe mpweke. Hakuombwa ruhusa. Kijana alipata watazamaji na mama akabaki na maua asiyoyataka. Hesabu ya nani alilipa hapo si ngumu.

Lakini chuki yetu kwa wanaojionyesha nayo hupitiliza. George Newman na Daylian Cain walichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu humhukumu vibaya zaidi aliyefanya hisani akajinufaisha kuliko yule aliyejinufaisha tu bila kumsaidia yeyote. Aliyejitolea kwenye makazi ya wasio na nyumba ili ampendeze mwanamke anayefanya kazi pale alionekana mbaya kuliko aliyejitolea kazi kwenye mgahawa kwa nia hiyo hiyo, ingawa wa kwanza aliwasaidia watu. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba tendo lina thamani ya kimaadili linapotoka kwenye wajibu, si kwenye raha ya mtendaji. Kwa kipimo hicho hata anayetoa kwa sababu kutoa kunamfurahisha anapungukiwa. Mwenye njaa aliyekwisha kula huenda asiuone uzito wa hoja hiyo.

Yule mtu wa nne kwenye foleni, anayeuliza kwa nini pesa haikupelekwa penye haja, ana watetezi wenye akili. Mwanafalsafa Peter Singer alidai mwaka 1972 kwamba umbali wa mtu haupunguzi wajibu wetu kwake. Ukiweza kuzuia baya kubwa bila kupoteza kitu cha uzito unaolingana, lazima ufanye hivyo, awe karibu au ng'ambo ya bahari. Kwa hesabu hii kumlipia mwenye uwezo ni ubadhirifu. Wengine huongeza kwamba visa vitamu vya wageni kulipiana madeni ya hospitali hutufanya tusiulize kwa nini mgonjwa aliachwa na deni. Hoja hii ya mwisho naikubali, nayo inawahusu zaidi wanaovisimulia visa hivyo kuliko wanaotenda. Hoja ya Singer inanishinda kidogo. Mtu huwa hachagui kati ya kumshikia mgeni mlango na kuwanunulia maskini wa mbali vyandarua. Akiacha kuushika mlango, hakuna chandarua kinachoongezeka popote.

Mpaka hapa nimeipa uzito gharama ya mpokeaji, na ni haki niseme kwamba mara nyingi watoaji huikuza kupita kiasi. Amit Kumar na Nicholas Epley waliwaomba watu katika bustani moja ya Chicago, wakati wa baridi, wawape wageni kinywaji cha moto na wabashiri watajisikiaje. Watoaji walikisia chini ya ukweli. Wao walifikiria thamani ya kikombe, wapokeaji walifikiria kwamba kuna mtu amewajali. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2022, yanafanana na ya pochi zaidi ya 17,000 zilizokabidhiwa wafanyakazi wa taasisi mbalimbali katika nchi 40, kana kwamba zimeokotwa, utafiti uliotoka mwaka 2019: watu wengi walibashiri kwamba zenye pesa hazitarudi, lakini kwa wastani wenyewe walitafutwa kwa asilimia 51 kwa pochi zenye pesa na asilimia 40 kwa zisizokuwa nazo. Tunawadhania wageni vibaya kuliko walivyo.

Dhana hiyo huwazuia hata wenye shida kusema. Francis Flynn na Vanessa Lake walionyesha mwaka 2008 kwamba waliotumwa kuomba msaada kwa wasiowajua, kama kuazima simu, walidhani watakataliwa na watu wengi zaidi kuliko waliowakataa kweli. Kwa hiyo kuna watu wawili wamesimama hatua chache kutoka mmoja hadi mwingine: mmoja anahitaji msaada na anaogopa kuomba, wa pili yuko tayari kuutoa na anaogopa kuonekana mwingiliaji. Swali fupi, "nikusaidie?", humpa wa kwanza nafasi ya kukubali au kukataa bila deni wala kamera. Anayeuliza analipa kitu kidogo: anaweza kuambiwa hapana mbele za watu.